Pasiwadi Sikupewa, Kazi Nimemaliza

Wiki iliyopita nusura nipoteze kazi yangu ya kwanza ya maana tangu niache chuo mwaka wa pili, na safari hii kosa halikuwa la intaneti ya Lamu. Ilikuwa diski.

Kazi yenyewe: video ya mafundi wa jahazi kule Matondoni, niiwekee maandishi chini ya picha, mwisho Ijumaa. Laptopu yangu iliingia maji ya chumvi (boti ya Mokowe mnaijua bahari ikichafuka), nikaenda kuomba kompyuta kwenye saiba moja hapa Langoni. Ina Debian 11. Mwenye saiba ni mtu mzima, namwita Ami. Akanifungulia akaunti, lakini pasiwadi ya msimamizi akakataa katakata. "Sikupi, mwanangu. Ukiiharibu hii, watoto wangu wale nini?"

Nikanuna. Lakini tuseme ukweli: Docker ya kawaida huendeshwa na programu inayokaa nyuma ikiwa na mamlaka yote, na ukimruhusu mtu kuitumia, umempa kompyuta nzima. Ami hajui hayo maneno, ila alikuwa sahihi. Bahati Podman ilikuwemo tayari, nayo haitaki mamlaka. Kontena inajiona bosi ndani ya chumba chake. Kwa nje ni mimi tu, mtumiaji wa kawaida.

Jumatano asubuhi diski imejaa hadi shingoni. Imeji ya kama gigabaiti 2 imekula zaidi ya 20! Ami anauliza mbona mashine haisevu kitu. Mimi jasho.

Iko hivi. Imeji ya kontena ni matabaka. Chukulia ramani ya mtaa ukutani, juu yake vioo. Unaandika kwenye kioo cha juu, ramani haiguswi. Ukitaka kubadilisha kitu cha chini, kinakopiwa kwanza hadi kioo chako. Ukikifuta, kinafichwa tu kwa alama. Linux ina mfumo huo, overlayfs, tangu keneli 3.18 ya mwaka 2014. Shida ni kwamba asiye msimamizi hakuruhusiwa kuupachika hadi keneli 5.11, Februari 2021. Debian 11 inakuja na 5.10. Namba moja nyuma, bana! Nilicheka kwa uchungu.

Podman ikikosa overlay inarudi kwa vfs, na vfs haina vioo: kila tabaka inachora ramani nzima upya. Msingi wa gigabaiti 2 na matabaka 10 madogo juu yake, piga hesabu mwenyewe.

Dawa ikawa fuse-overlayfs. Inafanya kazi ileile ya vioo lakini nje ya keneli, kupitia FUSE, na tangu keneli 4.18 hilo linawezekana bila msimamizi. Ni faili moja tu. Nikaiweka kwenye folda yangu na kuitaja ndani ya ~/.config/containers/storage.conf. Ila kabla ya hapo nilihamishia imeji kwenye flashi kwa podman save, maana kubadilisha mfumo kulinilazimu kupiga podman system reset, na hiyo inafuta kila kitu. Bando la kushusha tena ningelitoa wapi? Kisha podman load, nikaangalia podman info: overlay. Nikapumua.

Inachelewa kidogo kuliko ya keneli, hasa kwenye faili ndogondogo nyingi. Video yenyewe sikuipitisha kwenye matabaka kabisa. Niliiunganisha kama folda ya nje kwa -v.

Alhamisi usiku nikatuma. Ijumaa baada ya swala Ami akaniuliza kama naweza kumtazamia printa yake. Nikamwambia hiyo itataka pasiwadi.

"Basi iache," akasema.