Kalamu nyekundu ya mwanangu

Mwanangu ana daftari ambalo halihusiani kabisa na shule. Kila timu yake ikicheza, anaandika tarehe, jina la wapinzani na matokeo. Wakishinda anatumia kalamu ya bluu, wakishindwa anatumia nyekundu. Mwaka 2024 kalamu nyekundu ziliisha wino mbili. Ya bluu ipo mpaka leo.

Timu yenyewe ni Chicago White Sox, ya besiboli. Sisi tunaishi upande wa kusini wa Chicago, na huku ndiko kwao. Uwanja wao uko mtaa wa 35, treni inakushusha karibu na mlango. Upande wa kaskazini wana timu yao, Cubs. Ni kama Simba na Yanga tu: unajikuta uko upande mmoja kabla hujajua sababu. Mwanangu alipoanza shule hapa, rafiki yake wa kwanza alimpa kofia nyeusi ya White Sox. Basi, ikawa imeisha hiyo.

Kwa mzazi ambaye hajawahi kutazama besiboli, nieleze jambo moja tu. Mchezo huu unachezwa karibu kila siku. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, kila timu inacheza michezo 162. Sare hakuna, mkiwa sawa mnaendelea mpaka mmoja ashinde. Kwenye mpira wa miguu ukifungwa Jumamosi unaweza kupata wiki nzima ya kujiuguza. Huku unashindwa usiku, na kesho yake mchana watu wanakusubiri uwanjani tena.

Na White Sox ya mwaka 2024 ilishindwa jamani. Katika michezo 25 ya mwanzo walishinda mitatu. Mwezi Mei kuingia Juni walipoteza 14 mfululizo. Kisha, kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5, wakapoteza 21 mfululizo. Agosti 6 walishinda mmoja kule Oakland, 5-1, na siku mbili baadaye kocha akafukuzwa.

Kurasa za lile daftari zilikuwa nyekundu kama kanga ya kisutu. Mimi zilinikera, tena zilinikera kuliko ilivyostahili. Sababu nilikuwa naijua, ila sikuwa nimemwambia mtoto.

Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi hiyo Moshi miaka mingi kabla hatujahamia huku. Lakini hapa huruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi mpaka ufaulu mtihani wa leseni. Kwa hiyo nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: nawaogesha, nawalisha, natandika vitanda, na usiku nasoma. Aprili mwaka ule nilifanya mtihani, nikafeli. Agosti nikarudia, nikafeli tena. Aliyejua ni mume wangu peke yake. Mwanangu akiuliza, namwambia matokeo bado. Mama yangu akipiga simu kutoka Moshi, namwambia hivyo hivyo.

Jioni moja nikamkuta mtoto ameinama juu ya daftari, nikashindwa kujizuia.

"Baba, hama timu. Tafuta inayoshinda."

Akaniangalia kama nimesema jambo la ajabu. "Kwani bibi alihama?"

Hapo alinipata. Mama yangu ni Simba tangu ikiitwa Sunderland, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1971. Novemba 2023 Yanga waliwapiga Simba 5-1, na msimu ule ukaisha Yanga wakichukua ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo, Simba wakiwa wa tatu. Asubuhi baada ya zile tano, mama alivaa kitenge chake chekundu akaenda nacho sokoni, akijua kabisa watakavyomcheka. Mwanangu hiyo hadithi anaipenda. Mimi ndiye niliyemsimulia.

Ilipofika Septemba, habari za White Sox zilikuwa kila mahali. Walikuwa wamepoteza michezo 120, sawa na New York Mets wa mwaka 1962, ambao hata hivyo walikuwa na udhuru, maana ndio kwanza ilikuwa timu mpya. Wakipoteza mmoja zaidi, rekodi mbaya kuliko zote za zama hizi inakuwa yao. Jumanne ya Septemba 24 walikuwa nyumbani, baba yake akiwa na mapumziko, tukaenda wote watatu.

Wengine uwanjani walikuja kuona historia ikiandikwa. Wengine walikuwa na hasira, wakipaza sauti mmiliki aiuze timu. Hadi awamu ya nane kati ya tisa tulikuwa nyuma 2-0. Nikaanza kukusanya vitu vyetu. Mara wakapata moja, wakapata ya pili, wakapata ya tatu. Wakashinda 3-2. Mwanangu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, utadhani ni kombe. Wakashinda na siku mbili zilizofuata.

Ijumaa, Septemba 27, wakiwa ugenini Detroit, wakafungwa 4-1. Ikawa 121. Wenyeji wao usiku huo huo walikuwa wanasherehekea kufuzu hatua ya mtoano baada ya kuikosa miaka kumi.

Nilirudi kazini karibu saa sita usiku. Mtoto amelala, daftari liko wazi mezani. Nikalisogelea kwa woga kidogo. Nilidhani nitakuta amechana ukurasa, au ameandika maneno ya hasira. Nikakuta tarehe, Detroit, 4-1, na namba 121 kwa wino mwekundu, mwandiko ule ule wa siku zote. Chini yake, kwa penseli, alikuwa ameshaandika tarehe ya kesho, Detroit, na saa ya kuanza. Nafasi ya matokeo ameiacha wazi.

Nilikaa pale na koti langu mwilini muda mrefu.

Asubuhi, akiwa anakunywa chai, nikamwambia. Nimefanya mtihani, nimefeli.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akafikiri kidogo. "Mbili tu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Sasa mbona hukuniambia? Mimi zangu zote nilikuwa nakuambia."

Wazazi wenzangu, swali hilo sikuwa na jibu lake zaidi ya ukweli. Nilimwambia niliona aibu. Nilimwambia pia nilikuwa nimekosea.

Siku hiyo White Sox walishinda 4-0, na siku ya mwisho wakashinda 9-5. Walimaliza na ushindi 41 na vipigo 121.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nasifia kushindwa. Kushindwa kunauma, na timu inayopoteza mara 121 ina kasoro zake za kurekebisha. Mimi pia nilikuwa nazo. Nilikuwa nasoma nikitoka zamu, nalala juu ya kitabu, halafu najiambia nimesoma. Nilipoacha kuficha, ndipo nilipoweza kumwambia mwenzangu wa kazini, naye akanitafutia mtu wa kusoma naye Jumamosi. Siri ilikuwa imenifungia hata mlango wa msaada.

Lakini kubwa zaidi ni hili la mtoto. Sisi wazazi tunadai ripoti za shule, tunazisaini, tukiona alama mbovu tunahoji. Za kwetu tunazifungia kabatini. Mtoto anakua akiamini mama na baba hawajawahi kufeli, kwa hiyo siku akifeli yeye, anajiona yuko peke yake katika nyumba ya washindi. Halafu tunashangaa kwa nini hatuambii.

Februari 2025 nilifanya mtihani mara ya tatu. Nilifeli. Safari hii nilisema jioni ile ile, mezani, kabla ya kula. Mwanangu alinyanyuka, akaja na daftari, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, akaniuliza tarehe zote tatu. Akaziandika kwa nyekundu, mfululizo. Nilidhani itaniuma kuziona. Kumbe tatu zikiwa kwenye karatasi ni mistari mitatu tu.

Kesho yake nikampigia mama. Alinyamaza muda mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Wewe unadhani mimi Simba naipenda kwa sababu inashinda?" Akahamia kwenye habari za mahindi.

Mei mwaka huo Kanisa Katoliki likapata Papa mpya, Leo XIV, mzaliwa wa Chicago. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba ni shabiki wa White Sox. Mwaka 2005, mwaka wao wa mwisho kuchukua ubingwa, alikuwemo uwanjani kwenye mchezo wa kwanza wa fainali. Mwanangu alikimbia kumpigia bibi yake. Mama akajibu kwamba sasa timu hiyo imepata mtu wa kuiombea, mchezaji asitafute kisingizio.

Msimu wa 2025 walishinda michezo 60, wakapoteza 102. Kwa mtu wa nje bado ni aibu. Mwanangu alifunga hesabu, akaja jikoni kunitangazia: "Mama, tumepanda 19."

Mtihani wangu wa nne ni mwezi ujao. Nimesoma vizuri kuliko mara zote, na naogopa vilevile. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya mistari yangu mitatu myekundu, kuna tarehe na saa kwa penseli. Nimemwambia akitaka anaweza kuja na baba yake wanisubiri nje.

Amesema atakuja, na kofia atavaa.