Kwa Mwanangu Anayeuguza

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Kumbe majibu ya mumeo yametoka, na ni glioblastoma, saratani ya ubongo. Ugonjwa huo naujua, ndio uliomchukua baba yako mkubwa. Sikutaka tuyazungumze kwenye simu huku mgonjwa anasikia.

Unaniuliza kuhusu ile dawa ya chupa kutoka Tanga. Sikukatazi kutafuta. Ninachokuomba ni usitafute peke yako. Mkianza mionzi pale hospitali ya Ocean Road mtakwenda Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida wiki sita. Kwenye mabenchi utawakuta wake, kaka na mabinti wanaouguza kama wewe. Kaa nao. Wenzangu wa kwenye mabenchi ndio walionifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumia mgongo. Na ndio walioniambia kwamba zile hasira za ghafla, mtu mpole anakutukana mbele ya wageni, zaweza kuletwa na uvimbe wenyewe au na vidonge vyake. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia mume wangu, Rehema. Tangu siku ile niliweza kumpenda tena hadi mwisho.

Lakini wakianza kutajiana dawa, sikiliza kwa makini zaidi. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Waliorudi wanajisikia nafuu walisimulia kila kona. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakazidiwa. Waliokufa hawakupata nafasi ya kusimulia. Ndivyo ilivyo hata kwenye benchi: aliye hai anasifu chupa yake, aliyezikwa baada ya kuinywa chupa hiyohiyo hayupo kukujibu. Kwa hiyo mtu akisifu dawa, muulize mgonjwa wake alikuwa na uvimbe wa aina gani, kama alipasuliwa, kama alikuwa kwenye mionzi wakati huohuo, na wengine walioitumia wako wapi leo.

Kisha kipeleke kitu hicho kwa daktari kabla mumeo hajakionja. Deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza uvimbe kichwani, hupandisha sukari ya damu, sasa wewe umwongezee vikombe vya asali? Na deksamethasoni asiiache ghafla eti dawa ya miti ipate nafasi. Hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari. Kama kwa ajili ya kifafa anameza karbamazepini, maji ya balungi huizidisha mwilini. Temozolomaidi, dawa ya saratani, hushusha chembe za damu, kwa hiyo mchanganyiko uliolowekwa siku nyingi bila kuchemshwa unaweza kumwingizia maradhi mengine. Daktari akifoka, mwache afoke, lakini mwambie. Yeyote atakayekushauri umfiche daktari, huyo muage hapohapo.

Kiwanja cha Chanika msikiuze kwa ajili ya chupa. Watoto wana shule.

Nawe ule, ulale. Wifi yako alisema yuko tayari kushika zamu, mkubalie, hata kama hapiki uji unavyoupika wewe. Mwisho wa mwezi nakuja. Usiku nitakaa na mgonjwa mimi. Niandalie karatasi yenye dawa zake zote na saa za kumpa.

Mama yako mkubwa