Tulitembea Budongo, Msitu Uliowaona Wakimbizi wa Zamani

Mwezi huu tunawapeleka safari ya mbali kidogo, mpaka msitu wa Budongo kule Masindi. Wengi wetu hapa Lurujo tunaingia porini kwa sababu mbili tu: kutafuta kuni, au kukimbia vita. Sisi watu saba tulitaka kuingia mara moja kwa kutembea tu, polepole, tukiwa na mtu wa kutuonyesha.

Njia yenyewe si ngumu. Kutoka Koboko unapanda gari mpaka Arua, halafu basi la Kampala. Basi linavuka Nile pale Pakwach, linavuka tena Karuma, kisha linapita Bweyale, jirani na wenzetu wa kambi ya Kiryandongo. Unashuka Kigumba na kuchukua taksi ya Masindi. Ukilala Masindi, asubuhi unashika barabara ya Butiaba. Kwanza ni miwa, miwa, miwa, halafu msitu unasimama mbele yako kama ukuta.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa pale pale. Kabla ya kuingia alisema anayekohoa au mwenye mafua abaki nje, kwa sababu sokwe wanashika magonjwa yetu na wanakufa. Tena akatuambia tuingize suruali ndani ya soksi, sababu ya siafu. Tulicheka, lakini baada ya dakika kumi hakuna aliyecheka tena.

Ndani ni giza na baridi. Kuna muhimbi, mti mgumu sana, ambao ndugu zetu wa Ituri wanaujua pia upande wao. Kuna mtini unaoota juu ya mti mwingine, unateremsha mizizi kidogo kidogo mpaka unamnyonga mwenye nyumba. Halafu kuna mkangazi, ule watu wanaouita mahogani. Mizizi yake imepanda juu ya ardhi kama kuta, kiasi kwamba mtu akisimama katikati haonekani.

Tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wa upande wa Faradje. Alifika Uganda baada ya LRA kushambulia Faradje siku ya Noeli mwaka 2008. Alisimama mbele ya mkangazi ule kwa muda mrefu, akapima nafasi ya katikati ya mizizi kwa mikono yake. Akasema, "Hapa watoto wanne wanaenea. Mvua haiwafikii." Sisi wote tulinyamaza. Kiongozi akamjibu kwa heshima, "Mama, leo hapa hulali. Leo unaangalia tu." Mama akatikisa kichwa, akauliza mti huo unaitwaje, na kuanzia hapo alikuwa anauliza jina la kila mti.

Sokwe tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa juu kwenye mtini wanakula, na mmoja alikuwa hana vidole vya mkono wa kushoto. Kiongozi alieleza kwamba watu wanatega waya kwa ajili ya paa na nguruwe wa porini, lakini waya hauchagui. Sokwe wengi wa Budongo wana vilema vya namna hiyo. Na wanaotega si watu wabaya wote, wengine ni njaa.

Baadaye tulikwenda Nyabyeya, ambako leo kuna chuo cha misitu. Zamani palikuwa kambi, na watu wake walikuwa wazungu kutoka Poland. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwatoa kwao kwa nguvu na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walipita Iran, na kuanzia mwaka 1942 wengine waliletwa Uganda, Masindi na Koja, na wengine Tengeru huko Tanganyika. Pale Nyabyeya walikuwa zaidi ya 3,000, wengi wao wanawake na watoto. Walifyeka sehemu ya msitu, wakajenga nyumba za udongo na kuezeka nyasi, kama sisi tulivyofanya. Walikuwa na shule yao, hospitali yao na mashamba yao. Miaka ya mwisho ya 1940 wakaondoka.

Yaliyobaki ni kanisa la matofali walilolijenga kwa mikono yao, na makaburi ya wenzao ambao hawakuwahi kuondoka. Watu wa kijiji bado wanasali katika kanisa lile. Mama yetu aliona majina ya watoto makaburini, akasema, "Hawa nao walipita porini."

Sasa fikirini jambo hili. Kiongozi alituambia mkangazi unahitaji zaidi ya miaka 60 kuwa mti mkubwa wa mbao. Maana yake, mche uliokuwa umefika magotini siku Wapolandi walipopanda malori ya kuondoka, ndio kwanza sasa ni mti mzima. Hapa Lurujo tumekata miti, hilo wenyeji wetu wanatuambia kila siku, na kwenye kuni ndiyo ugomvi unaanzia. Siku moja na sisi tutaondoka, au wajukuu wetu. Watakaobaki wataangalia tulichoacha. Basi anayepewa mche asiseme "mimi si wa hapa." Aupande, auwekee miiba mbuzi wasiufikie.

Anayetaka kwenda abebe kitambulisho chake cha ukimbizi, viatu vya kufunika mguu na koti la mvua. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, lakini kanisani Nyabyeya wanakaribishwa. Na hali ya hewa ikiwa safi, mwendelee kidogo mpaka juu ya mteremko wa Butiaba. Kutoka pale unaona ziwa Albert, na ng'ambo yake, milima ya Kongo.