Njia ya Baiskeli Juu ya Tuta la Reli: Kutoka Westport Hadi Achill

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo yawafaa sana wakazi wa kaunti ya Mayo, iliyoko magharibi mwa Ireland, mahali ambapo nchi kavu huishia na Bahari ya Atlantiki huanza. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilijulikana kwa umaskini wake na kwa wingi wa vijana walioihama. Siku hizi inajulikana pia kwa njia ya baiskeli iitwayo Great Western Greenway, yenye urefu wa kilomita 42 hivi, ambamo hairuhusiwi kupita gari, lori wala pikipiki. Njia hiyo huanza katika mji wa Westport, hupita Newport na Mulranny, na huishia Achill Sound, penye mkono mwembamba wa bahari unaokitenga kisiwa cha Achill na bara.

Asili yake ni reli. Mwaka 1889 serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Ireland nzima wakati huo, ilitunga sheria ya kusaidia ujenzi wa reli ndogo katika wilaya maskini, ili wananchi wapate kazi na mazao ya shamba na ya bahari yapate soko. Aliyeisimamia ni Arthur Balfour, waziri wa mambo ya Ireland. Garimoshi lilifika Newport na Mulranny mwaka 1894, na Achill mwaka 1895. Lakini biashara haikunawiri kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1937 reli ilifungwa, vyuma na mataruma vikang'olewa, na tuta likaachwa liote nyasi na miiba kwa zaidi ya miaka 70. Sehemu ya kwanza ya njia ya baiskeli, kati ya Newport na Mulranny, ilifunguliwa mwaka 2010. Mwaka uliofuata njia yote ikakamilika.

Msafiri atagundua mapema faida ya kupita juu ya tuta la reli. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa sababu hiyo wahandisi wa zamani walikata vilima na kujaza mabonde mpaka mwinuko ukawa mdogo. Leo mzee, mama na mtoto wa shule hunufaika na jasho la vibarua wale, kwani waweza kwenda mwendo mrefu bila kushuka na kusukuma baiskeli. Sehemu kubwa ya njia ilitandikwa changarawe laini iliyoshindiliwa, ambayo tairi pana hupita bila taabu.

Kutoka Westport hadi Newport ni kilomita 11 au 12, katikati ya mashamba ya ng'ombe na kondoo. Nyuma ya msafiri, ng'ambo ya ghuba, huonekana mlima Croagh Patrick wenye urefu wa mita 764, ambao maelfu ya Wakatoliki huupanda kuhiji kila Jumapili ya mwisho ya Julai. Mjini Newport lipo daraja la mawe mekundu lenye matao saba, lililojengwa kwa ajili ya garimoshi, na ambalo sasa hupitwa na waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Baada ya Newport huanza sehemu ndefu kuliko zote, kilomita 18 hivi hadi Mulranny. Upande wa kulia husimama milima mitupu isiyo na miti. Chini yake hutanda ardhi nyeusi ya kinamasi, ambayo wenyeji kwa karne nyingi wameikata vipande kama matofali, wakaianika na kuichoma jikoni badala ya kuni. Upande wa kushoto hutokeza ghuba ya Clew na visiwa vyake vidogo. Wenyeji hupenda kusema kwamba visiwa hivyo ni 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Kwa kweli vingi ni vilima vya udongo vilivyoachwa na barafu ya kale, kisha bahari ikavizunguka. Huko Mulranny ingaliko hoteli kubwa iliyojengwa na kampuni ya reli katika miaka ya 1890, ikiitazama ghuba kutoka kilimani.

Njiani msafiri atakutana na malango na nyua nyingi. Hayo si mapambo. Baada ya reli kufungwa, ardhi ya tuta iliingia mikononi mwa wakulima wa kando yake, na katika Mayo ardhi si jambo la mzaha. Ni katika kaunti hiyo ambako mwaka 1879 Michael Davitt na wenzake walianzisha chama cha wapangaji, waliochoka kutozwa kodi nzito na kufukuzwa mashambani na mabwana ardhi. Mjukuu wa watu wale hawezi kuona kipande cha shamba lake kikichukuliwa, akanyamaza.

Halmashauri ya kaunti ilitambua hivyo, nayo haikumnyang'anya mtu ardhi. Viongozi wake walikwenda kwa wakulima, zaidi ya 100, wakawaomba ruhusa tu ya kupita. Ardhi ilibaki kuwa mali ya mwenyewe. Halmashauri ilijitwika kazi ya kujenga njia, nyua na malango, na kuzitunza, na pia kumkinga mkulima asije akadaiwa fidia endapo mpita njia ataumia. Wakulima wakakubali. Kwamba jambo hilo halikuwa rahisi lathibitishwa na mradi mwingine, wa njia ya baiskeli kati ya Athlone na Galway, ambao mwaka 2015 ulisimamishwa kwa muda kwa sababu wenye mashamba waliupinga. Hivyo basi, yeyote aendeshaye baiskeli kutoka Westport hadi Achill apita kwa hisani ya mwenyeji, wala si kwa haki yake mwenyewe.

Kutoka Mulranny hadi Achill Sound zimebaki kilomita 13 hivi, njia ikiwa kando ya maji, na upepo wa bahari ukivuma usoni. Hapo ndipo simulizi ya reli huwa nzito. Wazee walisimulia kwamba katika karne ya 17 mtabiri mmoja, Brian Rua, alisema kuwa siku moja magari ya magurudumu ya chuma, yakitoa moshi na moto, yatafika Achill, na kwamba safari ya kwanza na ya mwisho yatabeba maiti.

Mtu aweza kuamini utabiri au asiuamini, lakini yaliyotukia yameandikwa. Katika Juni 1894 vijana wa Achill waliondoka kwa mashua ya tanga kwenda kupanda meli karibu na Westport, wakielekea Scotland kuvuna viazi. Walipoikaribia meli, mashua ilipinduka, na watu 32 wakafa maji. Reli ilikuwa bado haijazinduliwa mpaka Achill, hata hivyo garimoshi liliwarudisha marehemu kwao. Miaka 43 ikapita. Katika Septemba 1937 vijana 10 wa Achill, nao wavuna viazi, waliteketea kwa moto usiku katika banda la kulala huko Kirkintilloch, Scotland. Wasichana wa kundi lao, waliokuwa wamelala jengo la jirani, waliokoka. Maiti zao zililetwa kwa garimoshi, na majuma machache tu baadaye reli ikafungwa. Waliokufa maji na walioungua wamezikwa katika makaburi yale yale ya Kildavnet, kisiwani. Familia yoyote iliyopata kumsindikiza kijana wake aendako kazini mbali itaelewa uzito wa makaburi hayo.

Yafaa msafiri ajiandae. Mvua ya Mayo haina msimu. Koti lisilopenya maji ni la lazima hata katika Julai. Pampu, mpira wa akiba na vifaa vya kuziba pancha visisahauliwe. Baiskeli hukodishwa katika miji ya njiani, na mwenye watoto aweza kwenda Newport hadi Mulranny pekee kwa siku moja. Mahali ambapo njia hukutana na barabara ya magari, watoto washuke kwanza, watazame pande zote, ndipo wavuke. Kila lango lililokutwa limefungwa lifungwe tena, kondoo wasitoke. Mbwa wasiachwe huru, na takataka zirudishwe mjini.

Mambo hayo ni madogo, lakini ndiyo yaitunzayo ruhusa. Njia iliyokuwa ikiwatoa vijana wa Mayo kwao sasa huwaletea wageni wenye kununua chakula, kulala hotelini na kukodi baiskeli. Kama mgeni atalifunga lango nyuma yake, mwenyeji hatakuwa na sababu ya kulitia kufuli.