Barua kutoka Hayward: Tuma Picha ya Nondo

Ndugu zangu mlio Bukoba, Nakuru na kwingineko,

 Chini ya mji wetu wa Hayward, California, umepita mpasuko mkubwa wa ardhi uliopewa jina la mji wenyewe, nao haungoji tetemeko ndipo usogee. Kila mwaka hujongea kama milimita 5, taratibu, usiku na mchana. Kingo za barabara zimeachana, na jengo la zamani la manispaa, lililosimama juu yake, limebaki tupu kwa sababu ardhi inalichana. Huko Berkeley uwanja wa mpira wa chuo kikuu, uliofunguliwa mwaka 1923, umekatizwa na mpasuko huohuo. Ulipokarabatiwa, sehemu za majukwaa zilitenganishwa ili kila moja iweze kusogea bila kuivunja nyingine.

Mara ya mwisho mpasuko huu kufyatuka kwa nguvu ilikuwa tarehe 21 Oktoba 1868. Watu wapatao 30 walikufa, na wakati huo huku kulikuwa na mashamba. Leo ni nyumba kwa nyumba.

Mtauliza, watu hawa hawana akili? Wanazo, na fedha pia. Ila nguvu zinazoisogeza ardhi ndizo zilizoinua vilima hivi, na kutoka vilimani unaiona ghuba yote. Kwa hiyo kiwanja cha hatari ndicho cha bei. Hata kwetu Bonde la Ufa limetupa maziwa, udongo mzuri na mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme. Nani atawaambia watu wahame?

Sheria ipo. Baada ya tetemeko la San Fernando la Februari 1971, jimbo lilipitisha sheria mwaka 1972: ukitaka kujenga makazi mapya ndani ya eneo la mpasuko hai, kwa kawaida mtaalamu huchimba mtaro kwanza, akasoma tabaka za udongo, kisha nyumba ikawekwa mbali na ufa, mara nyingi mita 15. Anayeuza nyumba katika eneo hilo lazima amweleze mnunuzi. Lakini nyumba za kabla ya sheria ziko palepale, na baadhi ya nyumba ndogo za mbao zimesamehewa. Rafiki yangu mmoja wa Nakuru aliponunua nyumba hapa, karatasi ya taarifa hiyo aliitia saini katikati ya rundo la nyingine. Alichouliza ni shule za watoto na riba ya benki. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi hasara ya tetemeko. Inayolipa hununuliwa kando, na wenye nyumba wengi hawanayo.

Lakini kukaa mbali na mpasuko pekee hakutoshi. Oktoba 1989 ardhi ilifyatuka kwenye milima ya Santa Cruz, mbali kabisa na mji wa Oakland ulio jirani yetu. Hata hivyo barabara ya ghorofa ya Cypress, hapo Oakland, iliporomoka na kuua watu 42: ilijengwa juu ya tope laini, na nguzo zake hazikuwa na nondo za kutosha.

Sasa pimeni haya mawili. Agosti 2014 mji wa Napa, kaskazini kwetu, ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.0; alikufa mtu mmoja. Septemba 2016 Kagera, Tanzania, ilipata la 5.9, tukazika watu zaidi ya kumi na maelfu wakalala nje. Nyumba nyingi za huku ni za mbao, hucheza na mtikisiko. Zetu zilikuwa za tofali zisizofungwa na kitu, zikaanguka juu ya wenyewe. Na tusidhani 5.9 ndiyo mwisho wa uwezo wa ardhi yetu: Subukia, Kenya, mwaka 1928, ilitikiswa na tetemeko linalokadiriwa kuwa 6.9.

Sisi wa ughaibuni tuna sehemu yetu ya lawama. Tunatuma fedha za marumaru, geti na ghorofa ya pili, halafu tunambana fundi kwenye saruji. Kabla ya kulipia kiwanja, uliza kama ni kifusi, tope au ukingo wa korongo, kama unavyouliza hati. Msingi ufungwe, kona zishikwe na nguzo za zege, mkanda wa lenta uzunguke nyumba yote bila kukatika. Na fundi akitaka kututumia picha, aanze na ya nondo kabla zege halijamwagwa. Ya marumaru tutaisubiri.

Ndugu yenu,
Hayward