Badala

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili mpaka saa tano usiku. Zaidi ya nusu ya darasa wana kosa lilelile: "Instead of to go to school, he went to the farm." Si uzembe. Kwetu "kwenda" ni kitenzi na ni jina papo hapo, kwa hiyo "badala ya kwenda" haimsumbui mtu. Kiingereza kina "to go" na "going", na baada ya "of" hukubali hilo la pili tu. Kesho nitawaonyesha kosa linakotoka, kabla ya kuwaambia ni kosa.

Jumatano, 14 Mei
Msichana wa dawati la nyuma kasimama: "Samahani mwalimu, mbona mara nyingine hiyo 'of' haipo?" Nimelipenda swali hilo. Nikaandika ubaoni: "There was no rice, so we ate ugali instead." Wali umekwisha kutajwa, "of" ya nini tena? Nikawaambia waitafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili. Karibu wote: "Hapakuwa na wali, kwa hiyo badala yake tulikula ugali." Nyumbani hakuna anayesema hivyo. Mama zao husema, "Wali haukuwapo, tukala ugali," na ile -ka- inabeba kazi yote. Inaniuma. Hata kwenye magazeti "badala yake" imejaa mahali ambapo "bali" ingetosha: hakulala, bali alisoma.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeshinda na kamusi. "Stead" zamani ilikuwa mahali. "In stead" yaliandikwa maneno mawili kabla ya kuungana. Bado imo ndani ya "homestead". Wafaransa nao husema "au lieu de", na "lieu" ni mahali. Mwalimu mwenzangu kanikumbusha kuwa katika Biblia yetu mfalme akifa, mwanawe hutawala mahali pake. Kumbe njia hiyo nasi tunayo! Ila "badala" ni ya Kiarabu, ndugu yake "badili". Mwingereza anatazama kiti kilichoachwa wazi. Sisi tunamtazama aliyekuja kukikalia.

Jumapili, 18 Mei
Kaka amekuja kuaga. Hija yake mwenyewe aliifanya mwaka 2019. Safari hii anamhijia marehemu baba. Waarabu hija hiyo huiita kwa neno hilihili, hija ya badala. Wiki nzima nimelifundisha kwa wali na ugali.

Akatoa kikaratasi. Ameandika jina kamili la baba: lake, la babu na la babu mkuu, kwa kalamu ya bluu.

"Kaka, jina la baba nalo la kuandika?"

"Kule watu ni wengi, mdogo wangu. Nikitia nia nataka nimtaje sawasawa."

Akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya pasipoti yake, ukurasa wenye picha.