Ziwa Linalojaa, Pwani Inayolika

Anayetoka pwani akafika Babati hushangaa kwanza jinsi mji na maji vilivyokaribiana. Barabara kuu ya Arusha–Dodoma inapita kando ya ziwa, na Mlima Kwaraa unaonekana karibu kila unapogeuka. Mimi ni mtu wa Kunduchi, Dar es Salaam, nimezoea maji yanayokula ardhi. Hapa ardhi ndiyo inayokula maji.

Tukiwa ziwani, kijana wa mtumbwi alichomeka upondo chini, akauchomoa taratibu. Ncha yake ilitoka na tope jekundu, zito, linalonata, tofauti kabisa na lile jeusi la kwenye matete.

“Hili si la ziwa, kaka,” akasema, akiuonyesha mlima kwa kidevu. “Hili ni shamba la mtu.”

Viboko walikuwa wanakoroma upande wa pili. Hakuwasogelea, nami sikumbembeleza.

Miteremko imekatwa miti na kulimwa, mvua ikishuka hushuka na udongo. Ziwa Babati lina kina kifupi, kwa hiyo kila tope linaloingia hupunguza nafasi ya maji. Mwaka 1990 lilifurika, maji yakaingia mjini.

Kwetu Kunduchi kesi ni ileile, mshtakiwa tofauti. Ufukwe unaishi kwa mchanga unaoletwa na mito kama Tegeta na Mbezi. Kusi ikivuma, mawimbi husukuma mchanga huo kuelekea kaskazini. Malori yakiuzoa mtoni ili watu wafyatue matofali, baharini haufiki, lakini mawimbi hayasubiri. Ongeza matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti au kuchomwa chokaa: bahari inafika ufukweni na nguvu zake zote. Hoteli ya Africana ililiwa, jina likabaki kwenye kituo cha daladala. Wenye hoteli nyingine wakajenga kuta za mawe zinazoingia baharini. Mchanga ukanasa upande wa kusini wa ukuta, na jirani wa kaskazini akaanza kuliwa yeye. Sijaona ujirani mbaya uliojengwa kwa gharama kubwa hivyo.

Huku bara dawa ni ya mikono: makinga maji yanayokata mteremko, majani ya tembo juu ya tuta, miti kwenye vilele. Kondoa, ukishuka barabara hii kuelekea Dodoma, walikwenda mbali zaidi. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Ilikuwa amri chungu kwa wafugaji, lakini mimea ilirudi kwenye ardhi iliyokuwa makorongo matupu.

Dar es Salaam tumependa zaidi zege. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama umeiokoa barabara, hilo sibishi. Ila ukuta hauzai mchanga. Mimi ningeanza na kuyazuia malori mtoni na kurudisha mikoko, kisha ndiyo zege pale ambapo hapana njia. Ningetaja pia kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani: kilikuwa na miti na kasa wakitaga, miti ikaisha, kisiwa kikamomonyoka, na sasa maji yakijaa hakionekani.

Tukirudi nchi kavu tulipita bustani za mboga zilizokaribia kugusa maji. Nikamtajia kijana Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Alikuwa anaijua.

“Mita sitini kuanzia wapi, kaka? Mwaka wa mvua maji yanafika pale kwenye mgomba. Kiangazi yanarudi kule. Mwenye bustani anapima kiangazi.”

Kunduchi nao walipima kiangazi, nikamwambia. Kuna viwanja vyenye hati halali kabisa ambavyo leo unavipima kwa mtumbwi.